Ripea kiti za kabureta na pampu kwenye Land Rover ya zamani: uzoefu wangu Pemba

Kama una Land Rover Series III ya petroli na inakukatia mafuta kila ukipanda mlima, ushauri wangu nautoa mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: nunua ripea kiti (seti ya vipande vipya vya kukarabatia) ya kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa), nunua ripea kiti ya pampu, nunua mpira wa mafuta wenye maandishi ubavuni, na ile kabureta mpya ya nakala (ya kuigizwa, si ya kampuni yenyewe) iache dukani. Vitu vitatu vya mwanzo nimevifunga kwa mkono wangu uani kwangu Chake Chake, na msimu mzima wa karafuu umepita gari likiwa kazini. Hiyo kabureta ya nakala imo kwenye gari la shemeji yangu, na aliyeifunga ni mimi, kwa hiyo siisemi kwa kusikia.

Gari langu ni la chasisi fupi, ile ya inchi 88, injini ya cc 2286. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ya mwisho kabisa sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Langu lilikuwa na maradhi mawili yasiyopatana. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, lakini likipanda mlima wa kutoka bandarini Mkoani na magunia nyuma, linakohoa, linamisi, kisha linazima. Ukisubiri kidogo linawaka kama halikufanya kitu. Hilo ni gari linalokosa mafuta. Likiwa sailensa sasa (linanguruma papo hapo bila kukanyagiwa mafuta), moshi mweusi, plagi zina masizi, na harufu ya petroli inafika mpaka jikoni. Hilo ni gari linalokunywa kupita kiasi. Fundi aliyelitazama hakuchelewa: "Kabureta ishakwisha hii, sheikh, tia nyengine." Sikuridhika. Kukatika mafuta mlimani mara nyingi chanzo chake ni kabla ya kabureta, yaani tangini, kwenye bomba au kwenye pampu. Moshi mweusi wa sailensa ndio wa kabureta yenyewe. Nikaamua kuifuata njia ya mafuta kuanzia yanapokaa hadi yanapoungua.

Kuhusu kupata spea: maduka ya Pemba yana vitu vya Toyota, vya Suzuki na vya bodaboda, lakini ukitaja Series III muuzaji anakutazama kwa huruma. Zangu ziliagizwa kwa binamu yangu Dar es Salaam zikaja kwa boti. Kabla hujaagiza, piga picha maandishi yaliyomo kwenye mwili wa kabureta. Gari hizi zimepita mikono mingi: utakuta Zenith 36IV, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Series III, utakuta Solex iliyotoka kwenye gari la zamani zaidi, na utakuta Weber 34ICH iliyofungwa na mwenye gari wa kabla yako. Kiti ya moja haiingii kwenye nyingine, na kurudisha mzigo ng'ambo ya maji si jambo la leo na kesho.

Nikaanza na tangi. Limekaa chini ya kiti cha kulia, lina nati ya kutolea mafuta chini yake. Nilipoifungua, petroli ilitoka na rangi ya chai, na mwisho wake ukatoka udongo mwekundu wa kutu. Kwetu hewa ni ya chumvi, na tangi linaloachwa nusu kwa muda mrefu hupata unyevu ndani, kutu ikaota juu ya mstari wa mafuta. Kwenye bomba la kuvutia mafuta kuna kichujio cha waya, nacho kilikuwa kimezibwa. Hapo nusu ya siri ya mlimani ikajulikana: injini ikiwa na kazi kubwa inataka mafuta mengi, kichujio hakipitishi. Gari likipumzika, mafuta yanachuruzika tena na bakuli la kabureta linajaa.

Tangi nililisafisha kwa siki. Unatia siki, unatia kipande cha mnyororo mwembamba, unaliacha lilale, kisha unalitikisa huku na huku mpaka mikono ikukatae. Ukimwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uondoke, likaushe juani, na usiliache tupu, kwa sababu chuma kilichosafishwa kikapigwa na hewa ya bahari kinashika kutu upya upesi mno. Mimi nililisuuza kwa petroli na oili kidogo siku hiyo hiyo. Kazi hii haina gharama ya kusema, lakini inachosha kuliko zote. Tangi likiwa limetoboka, tafadhali usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea kabla halijaoshwa kabisa. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Mpira wa mafuta ndio kitu kidogo ninachotaka kukisifu zaidi. Mwenye gari wa kabla yangu alitia mpira wa plastiki wa kupitishia maji, ule unaoonekana ndani. Ulikuwa umegeuka manjano na umekuwa mgumu kama mfupa, na mpira ukiwa mgumu haukamati kwenye bomba. Pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Niliagiza mpira wa milimita 8 ulioandikwa SAE J30 R9 (alama ya mpira wa kupitishia mafuta), na kwa udadisi nikanunua na kipande kisicho na maandishi yoyote, ambacho muuzaji alikiapia kuwa ni cha petroli. Kabla ya kufunga chochote, nikakata vipande viwili vidogo, kila kimoja nikakitia kwenye chupa yake ya kioo yenye petroli, nikaviweka mbali na nyumba. Baada ya siku kadhaa kile kisicho na jina kilikuwa kimevimba na petroli yake imeingia weusi. Chenye maandishi kilitoka vilevile kilivyoingia. Weusi ule ungeenda wapi? Ungekwenda kwenye jeti za kabureta, yaani vile vijitundu vya kupitishia mafuta. Tofauti ya bei kwa mita ipo, lakini gari zima halihitaji mita nyingi. Usisahau na klipu: kwa mpira mdogo namna hii tumia zile za kuzunguka mviringo mzima zinazokazwa kwa skrubu moja na nati. Zile zenye matundu ya meno hula mpira na hazibani sawasawa.

Pampu. Ya asili ni ya AC, inasukumwa na kamshafti (mhimili wa ndani ya injini), ina bakuli la kioo chini na kijimkono cha kupampia kwa mkono. Ukivuta dipstiki na oili ikanuka petroli, jua diaframu (utando wa ndani ya pampu unaovuta mafuta) imepasuka na mafuta yanachuruzika kwenye injini. Usiendelee kuendesha, oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote. Yangu haikufika huko, lakini diaframu ilikuwa imekakamaa na valvu moja haikuziba. Kabla ya kuifungua, chora mstari kwa msumari upande mmoja, juu mpaka chini, ili vipande virudi vilivyokaa. Kiti ilikuja na diaframu, valvu mbili na gaskiti. Valvu zinatazama pande tofauti, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, na karatasi ya maelezo haikusema ipi ni ipi, jambo lililonikera. Njia ni kuipuliza kwa mdomo ikiwa kavu: upande inaopitisha pumzi ndio unaokueleza. Na skrubu za diaframu zikaze huku mkono wa pampu (ule unaosukumwa na kamshafti) ukiwa umesukumwa mpaka mwisho, la sivyo diaframu inabaki imevutika na haiishi muda.

Gaskiti ya korki ya bakuli la kioo ilikuja imekauka, ingepasuka ningeikaza hivyo hivyo. Niliiloweka kwenye maji ikarudi laini. Kwa hili na kwa ile karatasi naipa kiti ya pampu nyota nne kati ya tano.

Pampu mpya za nakala zipo, na si ghali sana. Nyingi hazina bakuli la kioo wala kijimkono. Huenda kwako hilo si kitu, lakini gari linalolala wiki nzima nje linataka pampu ya mkono mara kumi na tano kabla ya kupiga stata, na kioo kinakuonyesha maji na kutu bila kufungua kitu. Kuna na wale watakaokushauri utie pampu ya umeme iliyotoka kwenye Toyota ya injeksheni, ile isiyo na kabureta. Yakhe, usithubutu. Kabureta hii inataka shinikizo dogo sana, kama paundi mbili hivi kwa inchi ya mraba. Ya injeksheni hutoa zaidi ya mara kumi ya hapo. Nidoli ya floti (sindano inayofunga mafuta bakuli likijaa) itashindwa kuziba na petroli itafurika juu ya injini yenye moto.

Kwenye kabureta kiti ilinishangaza kwa wema. Zenith 36IV ina ugonjwa wake unaojulikana: baina ya kifuniko cha juu na mwili kuna oringi ndogo (pete ya mpira), na zile nyuso mbili hupinda kwa joto na kwa kukazwa sana. Oringi ikishakufa, mafuta yanapenya yasipotakiwa hata sailensa, na ndio moshi mweusi. Oringi peke yake haitoshi ukiiweka juu ya uso uliopinda. Nilichukua kioo kinene cha dirisha, nikalaza msasa wa maji mwembamba juu yake, nikausugua uso wa kifuniko taratibu kwa mwendo wa kuzunguka mpaka alama ikawa sawa kila mahali. Kisha oringi mpya, nidoli mpya ya floti, gaskiti mpya. Jeti zipulizwe kwa hewa, zisitiwe waya, kwa sababu tundu lake limepimwa na waya hulipanua. Gaskiti moja katika kiti ilikuwa na tundu lisilolingana na kabureta yangu. Nilikata nyingine kwa karatasi ya gaskiti. Bei ya kiti ilikuwa chini ya robo ya kabureta ya nakala. Nyota tano, pamoja na hiyo gaskiti.

Sasa ya shemeji. Yeye hakutaka kusubiri, akanunua nakala ya Weber 34ICH. Weber ya kweli ni kabureta nzuri, nyepesi kurekebisha na haili mafuta sana, ingawa nguvu inapungua kidogo mlimani. Nakala yake ni bahati nasibu. Ya shemeji ilikuja ina mchezo kwenye mhimili wa kipepeo (kibamba kinachofungua njia ya hewa) hata kabla ya kuwashwa, na hewa inaingia hapo. Sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na hakuna skrubu ya kuituliza. Kabureta ya chuma kizuri iliyochoka oringi ina thamani kuliko mpya ya chuma laini, na ndiyo maana nilimwambia asiitupe Zenith yake. Ipo kwenye mfuko, inangoja kiti.

Kwa usalama: chomoa betri kwanza, fanya kazi nje, weka ndoo ya mchanga karibu, na wapitie majirani uwaombe wasiwashe jiko la mkaa upande huo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kusafiri mbali bila kuonekana.

Baada ya kufunga vyote nilitia filta ndogo ya plastiki inayoonekana ndani, kabla ya pampu na mbali na eksosi. Ya kwanza ilijaa vumbi la kutu upesi, nikaibadilisha, ya pili imebaki safi. Mlima wa Mkoani linapanda gea ya pili na mzigo wake bila kukohoa, na plagi zimekuwa za rangi ya kahawia.

Kipima mafuta cha tangini hakimo kwenye kiti yoyote kati ya hizi, kiagize peke yake. Ukiagiza, taja na gaskiti yake, maana ile ya zamani huvunjika ukiitoa, na duka likikutumia kipima bila gaskiti utasubiri boti nyingine kwa kipande cha shilingi chache.