Takura Ushigami: hekalu la ng'ombe wa udongo, Okayama

Jamani kama uko Japani na umechoka na makelele ya Kyoto, nenda Bizen mkoa wa Okayama, unashuka stesheni ya Yoshinaga halafu unatafuta hili hekalu dogo la Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani) kule vijijini, mi nilichukua teksi. Watu hakuna kabisa, ni miti na ndege tu. Ukifika juu ndo unakutana na kilima kizima cha ng'ombe wadogo wa udongo, wamerundikana mmoja juu ya mwingine, wengine wameshaota kuvu, nilisimama pale muda mrefu nikiwaangalia maana hakuna wawili wanaofanana sura.

Utaratibu wenyewe nimeupenda sana: unatoa sadaka ng'ombe wako wa udongo, unaazima mmoja kutoka kwenye rundo unaenda naye nyumbani, ombi lako likijibiwa unamrudisha pamoja na mwingine mpya, ndo maana rundo linazidi kukua. Zamani wakulima walikuwa wanaombea mifugo yao hapa. Na udongo wenyewe ni wa Bizen, haupakwi rangi wala glezi (ile dawa ya kung'arisha vyombo), unachomwa kwa kuni siku nyingi mpaka unakuwa mwekundu wa kahawia, mi naona unapendeza kuliko vyombo vyote vya kung'aa.

Maduka ya vyakula usitegemee, beba maji. Na tafadhali usichukue ng'ombe kama sanamu ya ukumbusho, yule ni wa kuazima. Ukibaki na muda pitia shule ya zamani ya Shizutani, ya mwaka 1670, haiko mbali.

Nyota 5.