Draivu ya LightScribe haitachapa rangi: nunua hizi badala yake

Wenye draivu za LightScribe, zile zinazochora lebo kwenye diski kwa leza, huuliza kila mara: ipo programu au sasisho litakaloifanya draivu ianze kuchora lebo za rangi? Haipo, wala haitakuja. Anayekuuzia draivu kuukuu kwa ahadi ya "rangi baadaye" anakuibia hela yako.

Rangi haiko kwenye draivu, iko kwenye diski. Leza ya infraredi ya nanomita 780, ileile inayochoma CD, hupasha moto tabaka la kemikali lililopakwa upande wa lebo. Palipopata moto panakoza, palipokosa panabaki vilevile. Leza inaweza kuongeza moto au kuupunguza, basi. Ndiyo maana ukiirudia lebo ileile mara ya pili inakoza zaidi: alama zilizo karibu na tundu huiambia draivu diski imekaa wapi hasa, hivyo inapita juu ya mchoro wa kwanza bila kukosea. Lakini hata ukirudia mara kumi, rangi ni moja.

Zile diski za LightScribe za njano, kijani au buluu zisikuchanganye. Ni usuli tu uliotiwa rangi. Picha yenyewe inatoka kwa rangi moja iliyokoza juu yake. Labelflash, teknolojia shindani ya Yamaha na Fujifilm, nayo huchora rangi moja, na haipokei diski za LightScribe.

Kwa rangi kamili, nunua printa ya wino yenye trei ya diski, yaani kisahani kinachoiingiza diski ndani ya printa. Chaguo langu la kwanza ni Epson za tenki: L805 ukiipata katika hali nzuri, au L8050. Zote zina wino wa rangi 6, na ngozi ya mtu kwenye picha hutoka laini, bila vidoadoa. Wino unajazwa kwa chupa, kwa hiyo diski mia hazikulazimishi kubadili katriji kila siku chache.

Watu hushindana kuhusu kasi na ung'avu wa picha, wakasahau kinachoharibu diski nyingi kuliko vyote: kipenyo cha ndani. Diski nyeupe za kuchapwa ziko za namna mbili. Za kwanza weupe wake unaanzia karibu milimita 46 kutoka ukingo mmoja wa duara la ndani hadi mwingine. Za pili unasogea hadi karibu milimita 23, jirani kabisa na tundu. Ukichapa mchoro wa 23 kwenye diski ya 46, wino unatua juu ya plastiki tupu. Hapo haukauki. Ukigusa kesho yake unabaki kidoleni, na diski ikiingia kwenye deki unahamia kwenye kibanio kinachoishika katikati. Kuanzia hapo kila diski inayofuata inachafuka.

Kwa hiyo pima kwa rula kabla ya kuchapa. Kwenye programu ya Epson kipenyo cha ndani huwekwa kati ya milimita 18 na 46, cha nje kati ya 114 na 120. Weka cha ndani milimita 1 zaidi ya ulichopima, bila kupita 46, na cha nje milimita 1 pungufu. Chapa kwanza kwenye diski iliyoharibika. Mchoro ukiwa umeegemea upande mmoja, rekebisha nafasi kabla hujagusa diski nzuri. Choma data kwanza, chapa baadaye, kisha iache saa 24 mbali na jua. Ukichapa kabla ya kuchoma, vumbi na alama za vidole hubaki upande wa data, na uchomaji unakwama.

Namba mbili ni Canon PIXMA zenye trei. Picha nzuri, ila trei zake zina herufi, na herufi ya trei lazima ilingane na ya printa. Kwa miaka mingi Canon zilizouzwa Marekani zilifungiwa uchapaji wa diski ingawa modeli hiyohiyo kwingine iliruhusiwa, kwa hiyo uliza printa iliuzwa wapi.

Hapo ndipo wauzaji wa mitumba wanaudhi. Wanaandika "inachapa CD", unafika nayo nyumbani, trei haimo. Trei si kipande cha ziada. Bila hiyo umenunua printa ya karatasi. Dai trei ionekane kwenye picha, pamoja na modeli ya printa, kabla hujalipa.

LightScribe ibaki namba tatu, na kwa mwenye rundo la diski zake tu. Lebo yake hufifia mwangani, diski tupu ni adimu, na tovuti yake rasmi ilishafungwa, hivyo nakili programu yake kabla kompyuta yako ya zamani haijafa.

Lebo za karatasi ni rahisi kwa bei, lakini zikikaa pembeni kidogo tu DVD inatetema, na gundi ikipata joto karatasi inabanduka ndani ya deki.