Mashine ya pipa kwa brasi: miezi 14 tangu niache ile ya kutetemeka

Ile mashine yangu ya zamani ya kung'arishia brasi ilikufa Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi nilikuwa na bangili 60 za kupeleka ufuo wa Dunga kwa mteja anayewauzia wageni. Usiku huo nilisugua kwa majivu na kitambaa mpaka vidole vikaingia ganzi. Nilimaliza 41. Mteja alizichukua, lakini alizigeuza moja moja mkononi bila kusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Kazi yangu ni brasi, ile shaba ya manjano ya koki na valvu. Kibanda changu kiko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Nanunua skrapu, naiyeyusha kwa makaa, naimwaga kwenye kalibu, kisha natengeneza bangili, hereni na pete. Kitu kikitoka kwenye kalibu huwa cheusi kama sufuria iliyopikiwa kuni. Kukisugua kimoja kimoja kwa mkono ndiko kunakokula siku, tena hewa ya ziwa haisaidii: brasi iliyong'aa Jumatatu, kwa unyevu na jasho la mikono, Ijumaa imeanza kufifia. Ndiyo maana mashine ya kung'arisha kwangu ni kama cherehani kwa mshonaji.

Ile ya kwanza niliinunua mwaka 2019. Ilikuwa bakuli la plastiki lililokaa juu ya springi, na chini yake mota yenye uzito uliofungwa upande mmoja wa mhimili. Mhimili ukizunguka, uzito ule huuvuta huku na huku, bakuli linatetemeka, na vilivyomo vinasuguana na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi sikuwahi kuyanunua. Wakati wa mavuno huku kwetu unayapata bure, unamwomba mwenye kinu akusagie yawe chenga, basi. Niliwahi kujaribu pia makapi ya mpunga kutoka Ahero. Yana silika, ile iliyomo kwenye mchanga, kwa hiyo yanasugua kwa ukali zaidi, ila yanaingia kwenye kila tundu na kutoka hayataki.

Ubaya wa mashine ya namna hiyo ni kwamba kinachoifanya ifanye kazi ndicho kinachoiua. Mtetemo haubagui bangili na beringi. Mwaka wa tatu beringi ya mota ililegea, nikaibadilisha. Mwaka wa nne parafujo ya katikati ilikuwa imetafuna tundu la bakuli, nikaweka washa pana. Nafikiri ilifika mwaka wa tano kwa sababu ilipumzika mwaka 2022, Serikali ilipopiga marufuku biashara ya skrapu mwezi Januari, tukakaa miezi bila malighafi. Mwishowe bakuli likapasuka kutoka katikati hadi ukingoni, na mota ikaanza kulia kama paka.

Niliipeleka kwa mzee mmoja anayefunga upya koili za mota. Aliifungua, akaupitisha mhimili katikati ya vidole viwili, akatikisa kichwa. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "beringi nitakupa, lakini mhimili wenyewe umelika. Beringi mpya kwenye mhimili uliolika ni pete kwenye kidole kilichokonda." Nilimwelewa palepale, pete ni kazi yangu.

Ningeweza kununua nyingine kama ile. Sikutaka, na sababu kubwa haikuwa beringi. Ilikuwa vumbi. Brasi ya koki na valvu mara nyingi huwekwa risasi, namaanisha ile metali laini ya kijivu, hata asilimia 3 hivi, ili ikatike vizuri kwenye lethi, mashine ya kukerezea. Magunzi yakisugua brasi hiyo kwa saa nyingi yanageuka kijivu, na ukiyachekecha, wingu linapanda hadi usoni. Mwanangu alikuwa akija kibandani baada ya shule na kunisaidia kuchekecha. Nilipojua kwamba risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima, na kwamba hugusa ubongo wao, sikumruhusu tena. Nikaanza kutafuta njia ya kung'arisha kwa maji.

Wanaoijua kazi hii kuliko wote, niligundua, si masonara. Ni wale wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi za bunduki. Ganda la risasi ni brasi tupu, shaba sehemu 70 na zinki 30, na kabla ya kulijaza tena lazima lisafishwe ndani na nje. Hao wamesafisha maganda kwa maelfu na wameshajaribu kila kitu: magunzi, maganda ya jozi yaliyosagwa, hadi visindano vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ndani ya maji ya sabuni. Mimi nilichukua ujuzi wao wa kusafisha na kuishia hapo. Hapa Kenya bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na sitaki mchezo na jambo hilo. Akija mtu na gunia la skrapu lenye maganda ya risasi, gunia lote linarudi naye.

Niliyonunua ni Thumler's Tumbler modeli B, aina ambayo wajazaji wengi wa risasi wameitumia kwa visindano. Ni pipa la pembe sita, limevikwa mpira ndani, linalala juu ya mihimili miwili inayozungushwa na mkanda kutoka kwa mota ndogo. Hiyo tu. Hakuna springi wala kitu cha kutikisika. Pembe sita zina maana yake: pipa la mviringo likiwa na maji na sabuni, vitu huteleza chini bila kugeuka, lakini pembe hubeba mzigo juu kidogo kisha kuuangusha, na kule kuanguka ndiko kunakosugua. Mpwa wangu aliniletea kwenye mizigo yake kutoka Marekani. Pamoja na visindano, iliponifikia mkononi ilikuwa imekula shilingi elfu arobaini na kitu. Ni pesa nyingi kwa kibanda kama changu. Nilizilipa kwa mkopo wa chama.

Sasa stima. Hapa naomba usome polepole ikiwa unafikiria kuagiza mashine yoyote ya Marekani yenye mota ya namna hii. Imetengenezwa kwa volti 115 na stima ya mizunguko 60 kwa sekunde (Hz). Ukutani kwetu kuna volti 240 na mizunguko 50. Wengi hudhani transfoma ya kushusha volti inamaliza yote. Haimalizi. Transfoma hugusa volti tu, mizunguko inabaki 50, na mota hii huifuata mizunguko, kwa hiyo mwendo wake unapungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Tena ukiilisha volti 115 kwenye mizunguko 50, inachemka kuliko inavyopaswa. Yule mzee wa koili ndiye aliyeniokoa. Aliniambia nitafute transfoma yenye tundu la volti 100, ile ya vyombo vya Japani. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu: 115 gawanya kwa 60, zidisha kwa 50, unapata karibu 96. Volti 100 iko karibu kabisa na hapo. Mota yangu inakuwa na uvuguvugu, naweza kuweka kiganja juu yake na kukiacha.

Nilitaka pia kuongeza puli ya mota iwe kubwa zaidi ili kulirudishia pipa kasi yake. Mzee alikataa katakata. Puli kubwa ni mzigo zaidi kwa mota, na mota yenyewe tayari iko ugenini. Nilimsikiliza. Wale wa Marekani huendesha saa 4, mimi naendesha 5, na sijaona tofauti kwenye mng'ao.

Kipimo wanachokitumia wao kwa pipa hili ni ratili 15 kwa jumla. Kwa vipimo vyetu ni maji lita 3.6, visindano kilo 2.3 na brasi gramu 900. Bangili zangu zinaingia 22 kwa mkupuo. Natia sabuni ya vyombo ya maji kijiko kimoja cha chakula, na asidi ya sitriki, ule unga mweupe wenye ukali wa limau, robo kijiko cha chai. Robo, usizidishe. Mara ya pili nilitia kijiko kizima nikidhani nitapata mng'ao mara nne. Bangili zilitoka na rangi ya waridi. Asidi ikizidi hula zinki juu juu na kuacha shaba nyekundu. Ilinibidi nizipige msasa upya zote.

Kuhusu sabuni kuna jambo moja zito. Usitie kitu chochote chenye amonia, hata kama kimeandikwa kuwa ni cha kung'arishia. Amonia huipasua brasi. Karne ya 19 jeshi la Uingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakapasuka yenyewe bila kufyatuliwa. Chanzo kilifahamika miaka mingi baadaye, mwaka 1921: amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na brasi iliyopindwa au kuvutwa ikiwa baridi na bado ina mkazo ndani yake. Bangili yangu nayo imepindwa ikiwa baridi. Niliposoma habari hiyo nilitoa kibandani kila chupa yenye harufu ile.

Matokeo? Mara ya kwanza nilipofungua kifuniko na kumimina, nilimwita jirani aje aone. Bangili zilikuwa na mng'ao wa ndani, mng'ao wa maji, hata kwenye michoro midogo ambayo kitambaa hakifiki. Magunzi hayakuwahi kunipa hivyo hata siku moja. Visindano haviondoi metali kama msasa, vinaipigapiga na kuilaza. Kwa sababu hiyo hiyo havitakuondolea mkwaruzo wa tupa. Mkwaruzo ukiingia nao pipani, utatoka nao, ila sasa utakuwa unang'aa. Piga msasa namba 400 kisha 600 kwanza. Faida nyingine ni ya hereni: waya wa sikioni ukipigwapigwa unakakamaa kidogo, haupindikipindiki mteja anapoivaa.

Cheni ndizo zinazonisumbua. Zinajifunga mafundo, na visindano vinakwama kwenye pete zenye tundu la ukubwa wake. Wajaza risasi nao hulalamikia jambo hilo, maana ganda lina kitundu kitakoni. Mimi cheni nazipitisha kwenye waya na kufunga ncha, lakini bado natumia nusu saa na koleo ndogo. Kama kazi yako nyingi ni cheni, fikiria vizuri.

Kuvuja niliwahi kupata mara moja na kosa lilikuwa langu: kisindano kimoja kilikaa kwenye ukingo nami nikakaza kifuniko juu yake. Siku hizi nafuta ukingo kwa kidole mzunguko mzima kabla ya kufunga. Na stima ikikatika katikati ya kazi, usiache brasi ndani kusubiri irudi. Itoe, isuuze, ikaushe. Niliziacha usiku mmoja, zikapata madoa ya kahawia kila zilipogusana.

Maji yakimiminwa ni meusi kama wino, na ile risasi haijaenda popote, imo humo. Navaa glavu. Siyamwagi kwenye sukuma wiki wala mtaroni ambako watoto huchezea. Yanakaa kwenye beseni juu ya paa mpaka jua linayakausha, na tope linalobaki nalifunga kwenye kopo. Vumbi la magunzi hewani halipo tena, na mwanangu sasa anakaa kibandani na daftari lake, pipa likinguruma taratibu kwenye kona kwa sauti ndogo kiasi kwamba tunasikilizana.

Ningemshauri nani ainunue? Anayetengeneza vipande vidogo vidogo, vingi, vya kurudiwarudiwa. Anayetengeneza vitasa na sanamu, gramu 900 kwa saa 5 hazitamtosha, na pesa hiyo bora aitie kwenye mota ya gurudumu la kitambaa. Ukiwa na fundi mzuri wa kuchomelea, pipa la kujiundia linawezekana pia. Niliona moja lililoundwa kwa bomba pana la plastiki na mota ya zamani ya mashine ya kufulia. Lilikuwa linazunguka vizuri, ila bila mpira ndani kelele yake ilikuwa ya kuhamisha majirani.

Jambo lililonifanya niiamini zaidi ni jinsi nilivyoweza kuifungua mwenyewe. Kila kinachoweza kulika nakiona kwa macho: bushi za mihimili ninazozitia tone la mafuta kila wiki, na mkanda. Mkanda wake bado ni mzima, lakini nilitaka kujua mapema nitafanya nini siku ukikatika. Nilinunua mkanda wa ngozi wa cherehani ya kukanyaga, nikaukata kwa kipimo, nikaunga kwa kile kipini chake cha waya, nikauvisha na kuuendesha saa 5 kamili na pipa likiwa limejaa. Haukuteleza. Sasa umeviringishwa, unaning'inia kwenye msumari juu ya mashine.