Kiti cha ofisini na mgongo unaouma: kwangu shida ilikuwa kikalio

Mimi ni mfupi, miguu yangu ndiyo mifupi zaidi, na maumivu yangu yako chini kabisa ya mgongo, pale mkanda unapopita. Nayataja haya mapema kwa sababu mwenye umbo tofauti na langu huenda asikipende hata kidogo kiti ninachokisifia hapa.

Nilichoanza nacho kililetwa na ofisi. Kwa sura ni kiti cha bosi: ngozi ya bandia, egemeo linalopita kichwa, sponji nene, na uvimbe mkubwa wa kushikilia kiuno ambao ndio muuzaji aliousifia kuliko kitu kingine chochote. Lakini kikalio, yaani ile sehemu ya kukalia, kilikuwa kirefu kuliko mapaja yangu. Nikirudi nyuma hadi mgongo uguse egemeo, ukingo wa mbele unanibana nyuma ya magoti na miguu inakufa ganzi. Sasa hapo utafanya nini? Utasogea mbele tu. Na ukishasogea, ule uvimbe unabaki huko nyuma peke yake, nawe umejikunja mbele ya kompyuta bila kitu cha kukushikilia. Ikifika alasiri nilikuwa nainuka kwa kuishika meza kwa mikono miwili. Nikaweka mto mgongoni. Ulisaidia kiasi, maana unapunguza urefu wa kikalio, ila kila nikiinuka unaanguka.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakuniuliza kiti ni cha kampuni gani. Aliniuliza vidole vingapi vinapita kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti nikiwa nimeegemea. Vinatakiwa viwili hadi vitatu. Kwangu hata kimoja hakikupita.

Tangu hapo nikawa najaribu viti kwa vidole. Vile vya wacheza gemu niliviacha haraka, kingo zake za pembeni zinabana mapaja. Kile cha kupigia magoti, kilichobuniwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1970, kilininyoosha mgongo kweli, lakini mzigo ukahamia kwenye miundi ya miguu. Nikajaribu pia Aeron ya kampuni ya Herman Miller, ile ya neti iliyotoka mwaka 1994. Hutengenezwa kwa saizi tatu, A ndogo, B ya kati na C kubwa, na kikalio chake hakisogei mbele wala nyuma, kwa hiyo saizi ndiyo kila kitu. Niliyoipata ilikuwa B. Ni kiti kitamu, lakini si cha mapaja yangu.

Nilichobaki nacho ni Steelcase Leap, modeli ambayo asili yake ni mwaka 1999, na changu ni cha mtumba. Kilinijia na pedi za mikono zilizochakaa na gurudumu moja lililokataa kuzunguka. Nilipokipindua nikakuta nywele na nyuzi zimejiviringa kwenye ekseli hadi zimekuwa ngumu. Nilizikata kwa wembe, nikazivuta kwa koleo, likazunguka.

Sifa yake kubwa kwangu ni hii: ukiwa umekaa unavuta wenzo, unasukuma kwa makalio, kikalio chote kinateleza mbele au nyuma, unaachia kinakaza. Nilikirudisha nyuma kabisa. Kwa mara ya kwanza mgongo wangu ukawa unagusa egemeo na magoti yako huru. Hapo ndipo kishikilia kiuno kikaanza kuwa na kazi, nacho unakipandisha na kukishusha. Nimekiweka usawa wa mkanda, laini, maana kikiwa kigumu kinanichokoza.

La pili ni springi ya kuegemea. Watu wengi huifunga kiti kisimame wima, wakidhani wima ndiyo afya. Daktari wa mifupa Alf Nachemson na wenzake kule Sweden walipima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo miaka ya 1960 na 1970, wakaona kwamba egemeo likilazwa nyuma kiasi, shinikizo linapungua. Mimi nimelegeza springi hadi mwili wangu ukiegemea kidogo kiti kinafuata, nikiinama kinarudi nami. Kutwa nzima siko katika mkao mmoja, na nadhani hilo limenisaidia kuliko kishikilia kiuno.

Ambalo kiti hakikuweza kumaliza ni meza. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha karibu sm 73. Nikipandisha kiti viwiko vifike usawa wake, miguu inaning'inia, na ukingo unaanza tena kunibana mapaja. Nimeweka kibao cha kukanyagia. Usipokiweka, urekebishaji wote wa kikalio ni kazi bure kwa mtu wa kimo changu.

Maumivu hayajaisha. Asubuhi napita vizuri, mchana bado lazima nisimame na kutembea, na siku za mikutano mirefu najua nitalipia. Lakini sishiki tena meza kuinuka.

Ukienda kujaribu, nenda na viatu unavyovaa kazini, ukae mpaka ukichoke, uandike kitu. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Na kama mapaja yako ni marefu, geuza ushauri wangu wote: wewe utahitaji kikalio kinachotoka mbele, sio kinachorudi nyuma.