Darubini ya 8x42 kwa sisi wa miwani: uzoefu wangu

Sioni vizuri mbali, na juu ya hapo jicho langu la kushoto lina astigmatizimu: konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, imepinda zaidi upande mmoja, basi nuru haikutani mahali pamoja. Kama ingekuwa kutoona mbali peke yake, ningevua miwani nikazungusha gurudumu la katikati la darubini, lile la kusafisha picha, mpaka ndege aonekane vizuri. Astigmatizimu haitibiki kwa gurudumu. Miwani inabaki usoni, na darubini lazima ikubaliane nayo.

Dukani utasifiwa ukuzaji tu: hii mara 10, ile mara 12. Wewe uliza umbali wa jicho, yaani jicho linaweza kukaa milimita ngapi nyuma ya lenzi na bado likaona picha nzima. Ukipungua chini ya 15 hivi, mwenye miwani anaambulia duara dogo la katikati, kama anachungulia tundu la ufunguo. Ninayotumia mimi ni Nikon Prostaff P3 ya 8x42 (inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42), ambayo umbali wake wa jicho ni milimita 20.2. Vile vikombe vya mpira vya machoni navishusha hadi mwisho, nagusisha miwani, na picha yote ninayo.

Nimeifurahia zaidi Mida Creek, pale Watamu, pwani ya Kenya, ukisimama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko wakati maji yanakupwa. Wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa na wanaotaga kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni, kwa macho matupu kwangu ni vitone vyeupe tu. Kwa darubini nilimwona kinda, mgongo wake bado wa kijivu, akimwandama mzazi kuomba chakula, na mzazi akihangaika na kaa aliyekwisha kung'olewa miguu. Ya mara 10 ingemleta karibu zaidi, ila mikono yangu hutetemeka, na mtetemo nao hukuzwa mara 10.

Haikosi mapungufu. Haioni kitu kilicho karibu kuliko mita 3, kwa hiyo ndege chozi akija kwenye ua la dirishani hana habari nami wala mimi sina habari naye. Jua la pwani nalo ni balaa: jasho likipanda, miwani inaingia ukungu kabla ya darubini. Beba kitambaa. Na kama miwani yako ni ile ya kuona mbali na karibu kwa pamoja, chungulia kwa sehemu ya juu. Ya chini itakuvurugia kila kitu.

Kuisawazisha ni kazi ya dakika moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, kisha zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome kibao cha mbali. Halafu ziba ya kushoto, na sasa usiguse gurudumu. Geuza ile pete ndogo ya upande wa kulia tu, hadi jicho la kulia nalo lisome kibao kilekile. Yangu nimeitia nukta ya rangi ya kucha, maana kila ninayemwazima anaigeuza kufuata macho yake, na kwa haki kabisa.