Gazeti la michezo msimu wa usajili: ununue, au usome mezani upite?

Bidhaa yenyewe kila mtu anaijua. Inalala kwenye meza ya muuza magazeti kuanzia alfajiri, na watu watano wameinama kuisoma bila kutoa hata senti. Juu kuna jina la gazeti, chini yake maneno manne makubwa kama ya kibao cha duka, na pembeni picha ya mchezaji aliyevalishwa jezi ambayo hajawahi kuigusa. Tunaipitia hapa pamoja na ndugu zake wawili, kipindi cha michezo cha redioni na kurasa za Instagram, katika wiki zinapochangamka kuliko wakati wowote: ligi imeisha, dirisha la usajili liko wazi, na hakuna mechi ya kumuumbua mtu.

Kwanza tuelewane kichwa cha habari kinaandikiwa nani. Mnunuzi ni wa tatu kwenye foleni. Mbele yake yupo yule aliyeinama mezani, na mbele zaidi yupo mtangazaji wa redio anayesoma magazeti asubuhi. Mwaka 2017 waziri wa habari wa wakati huo Tanzania, Dk Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa tu, zisiingie ndani ya habari, ili watu wanunue magazeti. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba kichwa kinafika kijiweni peke yake, habari yake imebaki mezani, na kwa mwenye kijiwe kichwa ndiyo habari nzima. Mhariri analijua hilo. Anakipakia kila alichonacho, na wakati mwingine na asichokuwa nacho.

Ndiyo maana ufundi wote wa ukurasa wa mbele uko kwenye kitenzi. "Anukia Simba" maana yake hakuna kilichotokea. Harufu haina mkataba. "Mguu ndani, mguu nje" ni hivyohivyo, ila imepambwa. "Atua Yanga" ni ya kuangalia kwa makini, maana mchezaji anaweza kutua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kwa mambo yake, au akatua gazetini tu. "Amalizana" inasema kuna mazungumzo, haisemi nani amesaini. Kitenzi chenye uzito ni kimoja: "asaini", au kaka yake "amwaga wino". Hapo gazeti limejifunga, na likikosea litaulizwa. Alama ya kuulizia mwishoni ni mlango wa dharura: mhariri ameshaujua kabla hujanunua. Jezi ya kuunganishwa kwa kompyuta nayo ni dalili, kwa sababu mchezaji aliyesajiliwa kweli klabu yake inamtoa na picha halisi.

Ukishanunua, habari ya tetesi isome kutoka chini kwenda juu. Aya ya kwanza inarudia kichwa. Ya pili ni ya "chanzo cha kuaminika kutoka ndani ya klabu". Ya tatu ni ya "kiongozi mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe". Ya nne ni simu iliyoita bila kupokelewa. Aya ya mwisho, ile ambayo mwandishi aliiweka kujaza nafasi, ndiyo mara nyingi yenye kitu cha kupimika: mkataba unaisha lini, msimu uliopita alifunga mangapi, alitoka klabu gani. Anza na hiyo tarehe ya mkataba. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine pale tu mkataba wake umeisha au umebakiza miezi 6 au pungufu. Nje ya hapo klabu mpya lazima ianze kwa klabu yake. Kwa hiyo habari ya mchezaji mwenye miaka miwili ya mkataba "aliyemalizana" na upande wa pili, bila neno lolote la klabu inayommiliki, ina tundu katikati. Kama anatoka nje ya nchi, usajili wake unapita kwenye mfumo wa FIFA wa kusimamia uhamisho, TMS, ambao ni wa lazima tangu Oktoba 2010, na bila hati ya uhamisho ya kimataifa, ITC, hachezi hata akipigwa picha na skafu shingoni.

Kwa nini basi magazeti yanadanganywa kirahisi hivyo? Angalia nani anafaidika. Wakala mwenye mchezaji anayeongeza mkataba anahitaji klabu ya pili ionekane, hata kama haipo, dau lipande. Klabu inataka mashabiki watulie hadi siku ya jezi mpya. Kiongozi anarusha jina la mchezaji ili asikie wanachama watasemaje. Wote hao ni "chanzo cha ndani", na wala hawasemi uongo kuhusu mahali walipo.

Na mbinu hii haifi kwa sababu mara moja moja inalipa. Clatous Chama, kiungo Mzambia wa Simba, alihusishwa na Yanga kwa misimu kadhaa. Katikati ya hapo akaenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Simba Januari 2022, kisha Julai 2024 akatangazwa Yanga kweli. Aliyeandika habari hiyo miaka minne mapema leo anajiita aliona mbali. Hata saa iliyosimama inapatia mara mbili kwa siku.

Mfano wenye somo kubwa zaidi ni wa Feisal Salum, Fei Toto, aliyekuwa kiungo wa Yanga. Desemba 2022 aliamua kuvunja mkataba na Yanga, akaingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu, klabu ikazirudisha, na Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka Tanzania, TFF, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Swali lilikuwa la kisheria na lilikuwa tamu kwa anayependa mpira: je, kipengele cha mkataba kinamruhusu mchezaji kujinunua, au kulipa tu bila makubaliano hakumalizi mkataba? Hapo ndipo gazeti lingejiuza, kwa kuweka kipengele mezani na kumuita mwanasheria akifafanue mstari kwa mstari. Kilichotawala nchi nzima kikawa ugali na sukari, kauli iliyotoka upande wa mchezaji kuelezea maisha yake ya klabuni. Ilichekesha, iliuma, na ikaufunika mkataba. Mpaka anatua Azam FC katikati ya 2023, kijiwe kizima kilikuwa kinaweza kukuambia alichokula, wachache wakakuambia alichosaini.

Redioni mambo ni mengine, na kwa kweli ni bora zaidi kuliko watu wanavyoyasema. Mpira una dakika 90, kipindi kina saa mbili au tatu, kila siku ya kazi. Lazima maoni yajaze. Hilo si kosa. Maoni ya mchambuzi aliyeangalia mechi mara mbili, anayekuambia beki wa kushoto alikuwa anapanda bila kiungo kumfunika, ni huduma ambayo gazeti halina nafasi nayo. Kinachoharibu ni pale mchambuzi anapoanza na "taarifa nilizonazo". Sentensi hiyo moja inamhamisha kutoka kiti cha maoni hadi kiti cha habari bila kulipa nauli: hana wa kumthibitishia, na akikosea anarudi kwenye "mimi nilikuwa natoa mtazamo wangu". Msikilizaji ajizoeze kuuliza kimoyomoyo: hii ameiona uwanjani, ameisoma kwenye hati, au ameambiwa? Wasemaji wa klabu nao wapimwe kwa kazi yao. Haji Manara alikuwa sauti ya Simba hadi 2021, mwaka huohuo akawa sauti ya Yanga, kwa ufasaha uleule. Msemaji analipwa kukuza, na anayemtumia kama chanzo pekee anatoa tangazo bila malipo.

Machi 8, 2025 ilionyesha udhaifu wa mfumo wote kwa siku moja. Jioni iliyotangulia Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakatangaza hawatacheza na Yanga, na mechi ikaahirishwa siku yenyewe. Magazeti ya asubuhi yalikuwa yameshachapwa, maana mitambo haimsubiri mtu. Mjadala uliofuata ukagawanyika kwa rangi za jezi, wakati jambo la kuangaliwa lilikuwa kanuni inayompa timu mgeni haki ya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, na hatua inayopaswa kufuata ikivunjwa. Mechi ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na mabishano ya kanuni yakafa na filimbi.

Instagram hatukai sana. Ni kichwa cha gazeti kilichoondolewa gazeti. Chapisho likifutwa halisahihishwi, na kurasa kumi zinazosema kitu kimoja kwa makosa yaleyale ya tahajia ni chanzo kimoja.

Tukitoa alama: ukurasa wa mbele mbili kati ya tano, kipindi cha redio tatu na nusu, kurasa za ndani za gazeti nne. Ndiyo, nne. Huko ndani kuna mahojiano ya makocha wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, kuna ripoti za mikoani ambazo hakuna anayezipigia kelele, kuna msimamo wa ligi na ratiba. Kwa mwenye mkeka wa kubeti, ukurasa wa thamani ni ule wenye orodha ya majeruhi na wenye kadi, lakini utumie kwa masharti: jina la daktari au kocha liwepo, siku aliyosema iwepo, na isiwe ya kabla ya mazoezi ya mwisho. Kama imeandikwa tu "huenda akakosekana", iache hapohapo, na shilingi zako ziache mfukoni mpaka vikosi vitoke, saa moja kabla ya mpira.