Nani akutunzie hesabu za duka la mtandaoni? Chaguo tano, kuanzia bora

Umeuza bidhaa za 100. Soko la mtandaoni limekata kamisheni 15, limerudisha 5 kwa wateja, limetoza matangazo 8, kisha likakutumia 72 benki. Mauzo yako ni kiasi gani? Ni 100: hayo ndiyo mauzo ghafi, kabla ya makato yoyote. Mtu, programu au kampuni yoyote inayojibu "72" haikufai, hata kama bei yake ni ya kutupwa.

Nimepanga chaguo hizi kwa kipimo hicho kwanza, bei baadaye. Ukiandika 72 kuwa ndiyo mauzo, faida ya mwisho inaweza kutoka ileile, na hapo ndipo wengi huridhika. Lakini hutajua kamisheni ilipanda lini, matangazo yanakula kiasi gani, wala kama marejesho yanaongezeka. Na mamlaka ya kodi inapouliza iwapo umefikia kiwango cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida hutazama mauzo yenyewe, si kilichobaki baada ya soko kukata chake. Unaweza kuvuka kiwango hicho miezi kadhaa kabla hujastuka.

Kipimo cha pili ni mzigo ulioko stoo. Ukinunua mzigo wa miezi minne kwa mkupuo, na wote ukaandikwa kuwa gharama ya mwezi mmoja, mwezi huo utaonyesha hasara, na mitatu inayofuata itaonyesha faida isiyokuwepo. Niliwahi kuendesha duka kwa vitabu vya namna hiyo karibu mwaka mzima. Niliagiza mzigo zaidi nikiamini ile miezi mizuri, na fedha zikalala stoo. Gharama ya bidhaa huingia vitabuni pale bidhaa inapouzwa. Kabla ya hapo ni mali.

1. Mtunza hesabu wa kujitegemea anayeijua biashara ya mtandaoni

Kwa duka lenye oda kila siku, hili ndilo chaguo langu la kwanza, kwa sharti moja: programu ya hesabu iwe kwa jina lako na kwa malipo yako, yeye aalikwe kama mtumiaji. Xero na QuickBooks Online zote zinaruhusu hivyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa mtu nenosiri lako. Siku mkiachana, unafuta ruhusa yake na vitabu vinabaki kwako.

Anayeijua kazi hii utamtambua kwa anavyozungumzia akaunti ya mpito. Mauzo yote huingia humo kwa ukamilifu wake, kamisheni, marejesho na matangazo hutolewa humo kila kimoja kwa jina lake, na fedha zinaposhuka benki akaunti inapaswa kurudi sifuri. Isiporudi, kuna jambo: soko limeshikilia sehemu ya fedha kama akiba, mwenye kadi amepinga malipo, au ada mpya imeingia kimyakimya. Atajua pia kwamba malipo ya tarehe 3 huwa yamebeba mauzo ya siku za mwisho wa mwezi uliopita, naye atayagawa.

Muulize pia anathaminije mzigo. Jibu liwe ama kilichoingia kwanza hutoka kwanza, ama wastani wa gharama. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinakubali njia hizo mbili kwa bidhaa za kawaida za dukani, na haviruhusu ile ya kilichoingia mwisho hutoka kwanza. Usafirishaji na ushuru wa kuingiza mzigo navyo ni sehemu ya gharama ya bidhaa. Akivisahau, kila bidhaa itaonekana ina faida zaidi kuliko ilivyo.

Udhaifu wake ni kwamba ni mtu mmoja. Akiugua, hesabu zinasimama. Mwombe aandike kwenye ukurasa mmoja hatua anazofuata kila mwezi, ili mwingine aweze kuendelea.

2. Wewe mwenyewe, programu na kiunganishi

Kiunganishi ni programu ndogo inayochukua taarifa ya malipo kutoka sokoni, inaichambua, na kuipeleka kwenye programu yako ya hesabu. A2X na Link My Books zinafanya kazi hiyo kwa wauzaji wa Amazon na Shopify, miongoni mwa majukwaa mengine. Kwa anayeanza kukua na mwenye saa chache za uhakika kila wiki, njia hii inatosha kabisa.

Chagua kinacholeta muhtasari wa kila malipo. Kinachomimina kila oda peke yake kitajaza vitabu maelfu ya miamala ambayo hutaweza kuilinganisha na benki. Na mlipe mhasibu mara moja tu, mwanzoni, akupangie akaunti. Kiunganishi kikielekezwa vibaya hakitakulalamikia. Kitarudia kosa hilohilo kila malipo yanaposhuka.

3. Kampuni inayotoza kwa mwezi

Hapa unapata timu, ripoti za tarehe maalumu, na mtu wa kuziba nafasi mwingine anapokwenda likizo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: nani anashika vitabu. Desemba 2024 Bench, kampuni iliyohudumia maelfu ya biashara Amerika Kaskazini, ilifunga huduma ghafla, siku chache kabla ya mwaka wa hesabu kuisha. Ilikuwa ikitumia programu yake yenyewe. Kampuni nyingine iliinunua ndani ya siku chache, lakini katikati hapo wateja walikuwa wakihangaika kupakua kumbukumbu zao. Kampuni inayofanya kazi ndani ya programu yako mwenyewe ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

Soma mkataba uone kama hesabu za mzigo zimo. Nyingi huziacha nje au huzitoza pembeni.

4. Ofisi ya uhasibu ya kawaida

Utaihitaji kwa ritani za mwaka na ushauri wa kodi, hasa ukiuza nje ya nchi. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya umebadilisha kodi ya bidhaa za mtandaoni zinazovuka mipaka, na Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2018, majimbo yanaweza kumdai kodi ya mauzo muuzaji asiye hata na ofisi humo. Mambo hayo yanataka mtaalamu. Ila kwa kazi ya kila wiki, ofisi isiyozoea taarifa za masoko ya mtandaoni ndiyo inayoongoza kwa kuandika ile 72.

5. Lahajedwali (mfano Excel)

Mali bila daftari hupotea bila habari, na lahajedwali ni daftari halali. Kama una chaneli moja ya kuuzia na oda chache kwa wiki, itumie bila wasiwasi, mradi uwe na safu ya mauzo ghafi, ya kamisheni, ya marejesho, ya matangazo na ya gharama ya bidhaa. Ukifungua chaneli ya pili, hama.

Mfanyakazi wa kudumu sijamweka kwenye orodha. Duka linalomhitaji limeshapita hatua ya kusoma mwongozo huu.

Kuhusu bei: napendelea kiwango kimoja cha mwezi kinachopanda kwa ngazi za idadi ya miamala. Malipo ya saa hukufanya uogope kuuliza swali. Kazi ya kusafisha miezi ya nyuma hutozwa peke yake, hivyo iandikiwe makubaliano yake.

Kabla ya kusaini, mpe kila unayemfikiria taarifa moja ya malipo kutoka sokoni, ukiwa umefuta majina na anwani za wateja, na mlipe kwa muda wake. Mwombe akurudishie mauzo ghafi, marejesho, kila ada kwa jina lake, na kiasi kilichoshuka benki. Linganisha na taarifa yako ya benki. Kukiwa na tofauti, tazama kama aliiona mwenyewe na kukwambia, au alitafuta mahali pa kuizika ili hesabu zifunge.